Maji ya Chini Yanapopungua, Mto Hufanya Nini? Maelezo kwa Wakulima wa Bonde la Msimbazi

Katika bonde la mto Msimbazi, tangu Vingunguti na Kigogo hata kukaribia Jangwani, wako watu wengi wapatao riziki yao kwa kulima mchicha, matembele na mboga nyingine ambazo kila asubuhi huuzwa katika masoko ya Kariakoo, Ilala na Buguruni. Watu hao wana desturi ya kuutazama mto kutoka upande wa juu. Wingu likitanda juu ya vilima vya Pugu na Kisarawe, husema, "Maji yaja," nao huondoa ndoo zao na miche yao. Desturi hiyo ni njema, lakini ni nusu tu ya habari ya mto. Nusu ya pili hutoka chini, yaani mahali mto unapoishia, na karatasi hii imeandikwa ili kuieleza nusu hiyo.

Mto hauendi upendavyo. Kila mto una mahali pake pa mwisho, ama ziwa, ama bahari, ama mto mkubwa kuliko huo, na usawa wa maji ya mahali hapo ndio mpaka wa uwezo wake wa kuchimba. Mto hauwezi kuchimba njia yake ikawa chini sana kuliko maji unamoingilia. Usawa huo ukishuka, mto hupata ruhusa ya kuchimba zaidi. Ukipanda, mto hulazimika kuweka mizigo yake chini. Mmarekani mmoja, John Wesley Powell, aliyesafiri kwa mashua katika mto Colorado mwaka 1869, aliandika habari za sheria hii katika kitabu chake cha mwaka 1875, na tangu hapo wataalamu wa ardhi wameitumia duniani kote. Walakini mkulima hahitaji kitabu ili kuiona.

JAMBO LA KUTAZAMA WAKATI WA MAJI KUPWA

Atakaye na aende hata Daraja la Selander, lile lililojengwa yapata mwaka 1929, mahali Msimbazi unapoingia baharini kati ya mikoko. Achague siku za bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, wala asiende siku za maji mafu, kwa kuwa hapo hataona mengi. (Na ajue mapema kwamba harufu ya mahali hapo si nzuri, maana mto huu hubeba taka za mji mzima.) Maji yajaapo, tope lote hufunikwa, na mto na bahari huwa kitu kimoja. Maji yaanzapo kupwa, tope hujitokeza, na juu yake hubaki maji machache yanayotafuta njia ya kuifuata bahari.

Hapo na atazame kwa utulivu. Vijito vidogo, vyenye upana wa kiganja au wa hatua moja, huanza kuchimba tope. Lakini havianzi kuchimba juu, huko yatokako maji. Huanza chini, penye ukingo wa bahari. Pale kijito kinapodondokea maji yaliyoshuka hutokea kingazi, kama ngazi ya nyumba. Maji yakidondoka juu ya kingazi hicho hula udongo wa mbele yake, nacho kingazi hurudi nyuma, kidogo kidogo, kuelekea juu. Kipitapo, huacha nyuma yake mfereji mwembamba wenye kingo za wima, na kingo hizo baada ya muda huanguka. Vijito vya pembeni navyo, vikikuta kijito kikubwa kimeshuka, hufanya vingazi vyao wenyewe. Kwa saa chache mtu huona mambo ambayo penye ziwa huchukua miaka mingi.

Asiyeweza kwenda Selander na atwae sinia kubwa, alijaze mchanga uliolowa, aliinamishe kidogo, na upande wa chini atie maji kama ziwa. Kisha amimine maji taratibu kwa birika upande wa juu mpaka mto mdogo ujifanye. Akisha kuona mto umetulia, achote maji ya ziwa kwa kikombe. Watoto wa shule hupenda sana jaribio hili, na hulielewa upesi kuliko maneno.

ZIWA TANGANYIKA LILIPOSHUKA

Mfano mkubwa wa jambo hili katika nchi yetu ni wa Ziwa Tanganyika, na yafaa kuueleza kwa urefu, kwa kuwa wengi wajua habari za Ujiji lakini hawajui habari za maji yake.

Ziwa hilo lina mito mingi iingiayo: Malagarasi kutoka mashariki, Ruzizi uletao maji ya Ziwa Kivu kutoka kaskazini, Luiche karibu na Ujiji, na vijito visivyohesabika vya milima. Lakini lina mto mmoja tu utokao, nao ni Lukuga, upande wa Kongo, ambao huenda kuungana na Lualaba. Katika karne ya 19 mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na tope, mchanga na magugu. Cameron aliufikia mwaka 1874, na Stanley aliuona mwaka 1876 ukiwa ungali umezibika, maji hayapiti sawasawa. Ziwa lisilo na mlango hufanya lifanyavyo pipa lisilo na bomba: likazidi kujaa. Wakazi wa Ujiji waliona maji yakipanda na kumeza pwani yao mwaka baada ya mwaka.

Yapata mwaka 1878 maji yalilishinda tope la Lukuga, yakapita juu yake, na yalipokwisha kupita yakaanza kulichimba. Mwaka 1879 Edward Hore, baharia aliyekuja Ujiji pamoja na wamisionari, alikwenda Lukuga akaona mto wenye nguvu ukikimbia kutoka ziwani. Ziwa likaanza kushuka. Kwa muda wa miaka kama 15 likashuka karibu mita 10, kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Tafakarini jambo hili: ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650 lilipoteza maji ya kimo hicho katika muda ambao mtoto aliyezaliwa hajapata kuoa.

Pwani ya Ujiji ilirudi nyuma. Mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwezi wa Novemba mwaka 1871 leo pako mbali na maji, na mgeni aendaye kupatazama hushangaa kuambiwa kwamba zamani mashua zilikuja karibu. Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914 haikumalizikia Ujiji, mji wa kale wa biashara, bali Kigoma, penye ghuba yenye kina. Hivyo kushuka kwa ziwa kuliusaidia mji mmoja na kuudhoofisha mwingine.

Na mito je? Hapa ndipo penye fundisho, kwa sababu mito ya ziwa hilo haikuwa katika hali moja. Vijito vya milima ya Gombe na Mahale huteremka kwa ghafula hata majini, na pwani yao ni ya mteremko mkali. Maji yakishuka mahali kama hapo, kijito hujikuta kinaning'inia juu ya ukingo mpya. Hakina budi kuikata mipako ya mawe na mchanga kilichoiweka chenyewe zamani, na kuubeba mchanga huo hata pwani mpya. Lakini Luiche na Malagarasi huingia ziwani kwa nchi tambarare, penye maji mafupi. Ziwa likirudi nyuma penye nchi ya namna hiyo, mto haupati poromoko. Hupata safari ndefu zaidi. Hujinyosha juu ya tope lililofunuliwa, huligawa maji yake katika mikono, na huongeza nchi mpya mbele yake. Mashamba ya mpunga hupenda nchi kama hiyo.

Ziwa moja basi, na kushuka kumoja, na majibu mawili.

SAKAFU YA ZIWA NDIYO IAMUAYO

Watu wengi wakisikia kwamba ziwa likishuka mto huchimba, hudhani ni sheria isiyo na tofauti. Sivyo. Cha kuulizwa kwanza ni hiki: ile sakafu ya ziwa iliyofunuliwa ina mteremko gani? Kama ina mteremko mkali kuliko njia ya mto, mto utachimba, na kingazi kitapanda juu. Kama mteremko wake ni sawa na ule wa mto, mto utarefuka tu bila ugomvi. Na kama ni tambarare kuliko mto, maji yatapunguza mwendo, nao mto utaweka mchanga wake chini hata ingawa ziwa limeshuka. Hili la mwisho huwashangaza watu, lakini ndivyo lilivyo.

Mfano wa kuchimba ni Bahari ya Chumvi, ziwa la chini kuliko maziwa yote duniani, ambalo wasomaji wa Biblia na wa tarehe wanalijua kwa sababu mto Yordani huishia humo. Tangu miaka ya 1960 maji ya Yordani na ya mikono yake yamechukuliwa kwa wingi kwa mashamba na miji, na viwanda vya chumvi navyo huyakausha maji ya ziwa katika mabwawa yao. Ziwa limeshuka zaidi ya mita 40, na siku hizi hushuka kama mita 1 kila mwaka. Pwani yake mahali pengi ni ya mteremko. Vijito vya majangwani, ambavyo hupata maji siku chache tu za mvua, vimechimba makorongo marefu katika tope lililofunuliwa. Na vingazi vyao vikipanda hufika penye barabara na kuhatarisha misingi ya madaraja. Yordani wenyewe, karibu na mlango wake, umezama katika tope kuliko zamani. Mtu ajengaye daraja pwani ya ziwa hilo hajengi kwa kutazama mvua tu. Lazima auulize usawa wa ziwa utakuwa wapi baada ya miaka 20.

Mfano wa kurefuka ni Ziwa Turkana, kaskazini ya Kenya. Teleki na von Höhnel walipolifikia mwaka 1888 lilikuwa na maji mengi. Mpaka katikati ya karne ya 20 lilikuwa limeshuka zaidi ya mita 15. Mto Omo, utokao Uhabeshi na kuliletea sehemu kubwa kabisa ya maji yake, haukukata korongo refu mlangoni, kwa kuwa ncha ya kaskazini ya ziwa hilo ni fupi na tambarare. Badala yake mto uliyafuata maji. Uliendelea kusini, ukaweka tope kulia na kushoto kama vidole vya ndege, na kujenga nchi mpya ambayo baadaye ilivuka mpaka wa Kenya. Watu wa Dassanech hulima mtama juu ya tope hilo mafuriko yakiondoka.

Ziwa Rukwa litajwe kwa maneno machache tu. Ni ziwa fupi sana, nalo katika karne ya 20 lilipata kupungua hata sehemu kubwa ya sakafu yake ikawa uwanda wa nyasi, kisha likajaa tena. Mito ya Songwe, Momba na Rungwa imezoea kulikimbilia na kulikimbia.

Na liko jambo la tatu, nalo ni muda. Kati ya mwaka 2003 na 2006 Ziwa Viktoria lilishuka zaidi ya mita 1, kwa sababu ya ukame na kwa sababu maji mengi yaliachiwa kupita mabwawa ya umeme ya Jinja. Gati zilibaki juu ya nchi kavu na mabomba ya maji ya miji yalivuta hewa. Lakini mito iingiayo haikupata nafasi ya kugeuka sana, maana milango ya mingi imejaa mafunjo yanayoshika udongo, na ziwa halikukaa chini muda mrefu. Mwaka 2020 lilikuwa limepanda kupita vipimo vyote vilivyopata kuandikwa kabla yake. Kingazi huhitaji miaka. Usawa urudipo juu mapema, kingazi huzama na kusahauliwa.

MSIMBAZI NA BAHARI

Sasa na turudi nyumbani. Msimbazi hauna ziwa, ziwa lake ni Bahari ya Hindi, na mtu angeweza kusema, "Bahari haikauki, habari hizi zatuhusu nini?" Jibu ni kwamba bahari imekwisha kushuka na kupanda zamani, na bonde wanamolima watu leo ni kazi ya kushuka huko.

Yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu katika nchi za kaskazini na kusini. Bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita kama 120. Mito ya pwani yetu ilipata kile ambacho mito ya Bahari ya Chumvi inakipata leo: mwisho wake ulishuka, nayo ikachimba. Barafu ilipoyeyuka bahari ilirudi, ikaingia katika mabonde yaliyochimbwa. Bandari ya Dar es Salaam, ambayo wageni huisifu kwa kujificha kwake, ni bonde la mto lililofunikwa na bahari. Bonde la chini la Msimbazi nalo ni la namna hiyo, ila lenyewe limejazwa tope na mchanga. Ndiyo sababu Jangwani ni tambarare na pana, ingawa mto wenyewe kwa siku za kawaida ni mwembamba. Mto mdogo unakaa katika bonde kubwa kama mtoto katika kanzu ya babu yake.

Kwa hiyo nchi ya Jangwani ni mali ya mto tangu kale, wala haishangazi kwamba mto huidai. Mafuriko ya mwezi wa Desemba mwaka 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika mji wa Dar es Salaam, na wengi walioponea mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Mwezi wa Aprili mwaka 2018 maji yalijaa tena. Na mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani maji ya juu yashukapo saa ile ile bahari inapojaa, mto hukosa pa kwenda na hutulia juu ya barabara ya Morogoro.

Tena, usawa wa bahari sasa haushuki, bali unapanda. Kwa wastani wa dunia umepanda kama sentimita 20 tangu mwanzo wa karne ya 20. Kwa sheria ile ile, mto ambao mwisho wake unapanda huweka mizigo yake, nao huanza kuiweka mlangoni na kuendelea kuelekea juu. Mchanga utokao Pugu, Kinyerezi na Ubungo, ambako vilima vimevuliwa miti na kujazwa nyumba, huteremka mpaka hapo mwendo wa maji unapopungua, kisha hulala. Daraja la Jangwani limepata kuzibwa na mchanga mara nyingi, nao umezolewa mara nyingi.

MASHIMO YA MCHANGA NI MAZIWA YALIYOSHUKA

Hapa msomaji mwenye busara atauliza: "Kama mto unajaa huko chini, kwa nini huku kwetu juu unachimba, na kingo zinaanguka, na ua la jirani limekwenda na maji?" Ni swali zuri, na jibu lake laweza kuokoa nyumba.

Mji wa watu zaidi ya milioni 5, kama sensa ya mwaka 2022 ilivyoonyesha, unahitaji matofali, na matofali yanahitaji mchanga. Mchanga wa karibu umo mitoni. Vijana wenye makoleo huuchimba katika sakafu ya Msimbazi na ya vijito vyake, na vivyo hivyo katika mito ya Mbezi, Tegeta na Mpiji. Mchimbaji hudhani ameacha shimo ambalo mvua ijayo italijaza, basi mambo yamekwisha. Kumbe ameushusha mwisho wa mto kwa sehemu yote iliyo juu ya shimo. Kwa upande wa mto, shimo la kimo cha mtu ni sawasawa na ziwa lililoshuka kwa kimo cha mtu.

Mvua ijapo, maji hudondokea shimoni, na penye mdomo wa shimo hutokea kingazi kama kile cha tope la Selander, ila hiki ni kikubwa. Kingazi hupanda juu, mvua baada ya mvua, mita kumi, mita hamsini, mita mia. Kikikuta mwamba husimama. Kikikuta mchanga na udongo mwepesi, ambao ndio ulioko katika bonde hili, hakisimami. Hupita chini ya nguzo za daraja na kuziacha uchi. Hupita penye mlango wa kijito cha pembeni, nacho kijito hicho huanza kuchimba chake, hata nyumba iliyo mbali na Msimbazi, ambayo mwenyewe hakupata kuona mchimba mchanga, hujikuta juu ya korongo. Kwa upande wa chini wa shimo nako kuna madhara: mchanga uliokuwa ukija umenaswa shimoni, maji yanatoka hapo mepesi na yenye njaa, na huutafuta mchanga mwingine kingoni.

Udongo wote huo uliong'olewa juu haupotei. Huenda Jangwani. Hivyo mto mmoja huzama katika sehemu moja na kujaa katika sehemu nyingine, na yote mawili ni kazi ya sheria moja.

Kuna hasara moja zaidi ambayo mkulima wa mboga huiona kabla ya mwenye nyumba. Maji ya visima vifupi vya bustanini hayako peke yake. Yameshikana na maji ya mto. Sakafu ya mto ikishuka mita 1, maji yaliyo chini ya ardhi karibu na mto hushuka yakiufuata. Kisima kilichotoa ndoo kwa kamba fupi hudai kamba ndefu, na migomba iliyokuwa ikinywa yenyewe huanza kunyauka wakati wa kiangazi. Mkulima husema mwaka huu jua ni kali. Huenda jua ni lile lile, na mto ndio uliokwenda chini.

YAFAAYO KUFANYWA

Kwanza mkulima ajifunze kukitambua kingazi. Mwisho wa masika, maji yakiisha kutulia, atembee mtoni kwa mwendo wa nusu saa kwenda chini ya shamba lake, si juu. Akiona mahali maji yanapodondoka ghafula kwa kimo cha goti au zaidi, na kingo za hapo ni za wima na mbichi, na mizizi ya miti inaning'inia hewani, ajue kingazi kinakuja kwake. Apige kigingi cha mti imara mbali kidogo na ukingo, apime kwa kamba tangu kigingi hata kingazi, na apime tena baada ya vuli. Vipimo viwili vitamwambia mwendo wake. Habari hiyo aipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa mapema, na aonyeshe kamba. Kamba yenye mafundo husikilizwa kuliko malalamiko.

Kingazi kidogo katika kijito cha pembeni chaweza kuzuiwa kwa mawe makubwa yaliyopangwa kwa mteremko, yakaanzia chini ya kingazi na kupanda hata juu yake, ili maji yateleze yasidondoke. Magunia ya mchanga ni dawa ya msimu mmoja tu. Kujaza takataka ndani ya kingazi ni kujidanganya, kwani mvua ya kwanza huzichukua na kuzipeleka darajani. Katika Msimbazi wenyewe kazi hiyo ni ya wahandisi, wala mtu mmoja asijaribu.

Kingo ambazo hazijawa za wima zipandwe majani ya tembo, vetiva au mianzi, mistari miwili au mitatu. Mizizi hushika udongo wa juu. Lakini isidhaniwe kwamba itauzuia mto uliokwisha kuzama chini ya mizizi hiyo. Mahali sakafu imeshuka mita 2, mianzi huanguka pamoja na ukingo. Kwa hiyo kupanda kufanywe kabla ya kingazi kufika. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huweka mita 60 kando ya mto kuwa eneo la kulindwa lisilo na shughuli za kudumu. Katika bonde lililosongwa na watu kama hili kipimo hicho hakifuatwi, hilo lajulikana. Hata hivyo mtu ajengaye jiko au choo hatua tano kutoka ukingoni anaujengea mto.

Juu ya uchimbaji wa mchanga, si haki kuwalaumu wenye makoleo peke yao, maana wanunuzi wa matofali ni sisi sote. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mahali na mahali. Mchanga uliolala Jangwani na karibu na mlango wa mto ni wa ziada, na kuuondoa hapo, kwa kibali na kwa kipimo, ni msaada. Mchanga uchimbwao juu, penye sakafu ambayo tayari inazama, au karibu na daraja, huanzisha kingazi. Mtu mwenye lori angeweza kuupata mchanga ule ule pasipo kuibomoa nyumba ya mtu.

Mpango mkubwa wa bonde hili, uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022, una kazi ya kuupanua na kuuchimba mto wa chini na kuweka daraja jipya la juu zaidi Jangwani. Kazi hiyo inahitajiwa. Ila wakulima na viongozi wa mitaa ya Kigogo, Mchikichini na Vingunguti wana haki ya kuuliza maswali mawili. La kwanza: mahali mfereji uliochimbwa unapokutana na mto usiochimbwa, pamewekwa nini ili kingazi kisipande? Kizingiti cha mawe au cha zege hapo ni kitu cha lazima. La pili: nani atauzoa mchanga kila mwaka baada ya kazi kwisha? Mfereji uliochimbwa kuwa chini ya usawa wa bahari hauwezi kubaki hivyo kwa nguvu zake wenyewe, kwa kuwa bahari haikushuka pamoja nao, na mto utaujaza tena kama ulivyoyajaza mashimo mengine. Majibu ya maswali hayo yatakiwe kwa maandishi katika mkutano wa mtaa, kabla ya masika.